Mifuko ya kuzuia UV: mbona manjano yangu bado yanapauka?

#1 BiViungo
Assalaam alaykum. Mie nnauza viungo karibu na Darajani, Unguja: manjano ya unga, hiliki, mdalasini, kungumanga, karafuu. Wateja wangu wengi ni wageni, na mgeni hanunui asichokiona, kwa hiyo natumia mifuko ya zipu inayoonyesha ndani. Duka linaelekea magharibi. Ikisha adhana ya alasiri jua linapita kwenye kioo mpaka rafu ya pili.

Mifuko ya mwanzo ilikuwa nailoni ya kawaida, na manjano yalipauka kabla mwezi haujaisha. Nikaagiza mifuko mipya Dar, bei karibu mara mbili. Muuzaji kanihakikishia kuwa inazuia miale ya UV kwa asilimia 99. Leo ni wiki ya saba. Upande unaotazama kioo, manjano yamekuwa kama unga wa dengu. Ukiugeuza mfuko, nyuma yako vile vile kama siku niliyoyasaga. Hiliki imegeuka rangi ya nyasi kavu. Karafuu haikubadilika hata kidogo, na ipo rafu hiyo hiyo.

Nimeibiwa, au nailoni hizi hazifanyi kazi inayosemwa? Na hasa zinazuia vipi? Nna mifuko mia tatu haijafunguliwa, nataka kujua kabla sijaitia kitu.

#2 Mchangani_Kwetu
Umeibiwa dada. Herufi mbili za UV juu ya boksi kila mtu anaweza kuzichapa. Mrudishie mzigo wake.

#3 FundiTinti
Tusimhukumu muuzaji mapema. Mie nabandika tinti kwenye magari na madirisha, mwaka wa kumi na moja huu. Watu wengi wanadhani kioo kitupu hakizuii kitu. Kioo cha dirisha kinazuia sehemu kubwa ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini UVA kinaipitisha kwa wingi. Ndiyo maana dereva anayekaa ndani ya gari siku nzima haungui mkono, lakini kitambaa cha kiti kinapauka.

Ipo tinti isiyo na giza kabisa, unaona nje kama hakuna kitu, na inakata UV karibu yote. Nimeibandika madirisha ya nyumba kadhaa Mji Mkongwe. Wenyewe wananambia pazia linadumu zaidi kuliko mwanzo, ila mwisho wa yote linapauka. Inachelewesha. Sijaona inayokomesha.

#4 MaalimKemia_Chake
Nasomesha kemia skuli ya sekondari hapa Chake. Nijaribu kumjibu Bi Viungo lile swali lake la "zinazuia vipi", maana hapo ndipo penye jambo.

Urefu wa wimbi la mwanga tunaupima kwa nanomita. Jicho linaona kuanzia kama 400 (urujuani) mpaka kama 700 (nyekundu). Chini ya 400 jicho halioni, na huo ndio urujuanimno, yaani UV: UVA ni 315 hadi 400, UVB 280 hadi 315, UVC chini ya 280, na hii ya mwisho inamalizwa na hewa ya juu kabla haijatufikia. Aliyeugundua ni Mjerumani Johann Wilhelm Ritter, mwaka 1801. Alitandaza rangi za mwanga juu ya karatasi yenye kloridi ya fedha, akaona karatasi inaingia weusi upesi zaidi pale mbele ya urujuani, mahali ambapo macho yake hayaoni mwanga wowote.

Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo kila chembe ya mwanga inavyobeba nguvu nyingi. Ikipiga molekuli ya rangi, ya mafuta au ya vitamini, inaweza kuivunja au kuiamsha ishikane na oksijeni. Nailoni ya kawaida, yaani polithini na polipropilini safi, inaipitisha miale hiyo kama vile haipo.

Kwenye nailoni ya kuzuia UV, plastiki inapoyeyushwa kiwandani inachanganywa na vifyonzaji vya jamii ya benzotriazoli au benzofenoni. Molekuli ya kifyonzaji ikipigwa na UV, atomu moja ya haidrojeni ndani yake inaruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kisha inarudi pale pale. Katika kule kwenda na kurudi, nguvu ya mwale imegeuka joto dogo tu. Molekuli iko salama, inasubiri mwale mwingine. Nikiwaeleza wanafunzi nawaambia ni kama mlango wa bawaba: unasukumwa, unarudi, haukatiki.

Njia ya pili ni kutia unga mweupe wa dioksidi ya titani, nailoni inakuwa nyeupe na haionyeshi ndani. Ya tatu ni foili ya alumini, haipiti UV wala mwanga wowote. Na PET, ile ya chupa za maji, yenyewe haipitishi UV kabisa hata bila dawa.

#5 MzeeKarafuu_Mkoani
Wanangu, nimewasoma nyote. Mie nimeanika karafuu tangu sijaota ndevu. Karafuu tunaitandaza juu ya majamvi, jua la Pemba linaipiga siku nne tano mfululizo, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo inavyotoka nzuri. Inayokosa jua inakuwa mpeta, haina bei. Sasa hiyo miale yenu inayoharibu viungo, mbona inaistawisha karafuu?

Kinachoharibu kiungo ni unyevu na joto la kufungiwa. Nailoni haipumui. Weka karafuu kwenye gunia, mahali pakavu, utanikumbuka. Bi Viungo amefungia manjano ndani ya nailoni, akaiweka nyuma ya kioo, yakapikika.

#6 BintiAfya
Maalim Kemia, maelezo yako yamenisaidia sana, lakini hapo kwenye PET nakurekebisha kwa heshima. Ipo njia ya kusafisha maji ya kunywa kwa jua: unajaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi ya PET, unailaza juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kama kuna mawingu. Vijidudu vingi vinakufa. Ilianza kuchunguzwa Beirut na profesa Aftim Acra miaka ya 1980, kisha Waswisi wakaiendeleza. Kinachoua vijidudu ni UVA pamoja na joto. Kama PET ingekuwa haipitishi UV kabisa, njia hiyo isingefanya kazi.

#7 MaalimKemia_Chake
Umenisahihisha vyema, ahsante. Niseme upya: PET inakata UVB, yaani chini ya kama 315 au 320. UVA inapita. Kwa hiyo chupa tupu ya PET na kioo cha dirisha zinafanana sana kwa jambo hili, na maneno ya Fundi Tinti ya #3 yanabaki pale pale.

Mzee wangu wa Mkoani, shikamoo. Swali lako la karafuu ni zito, sijalikimbia, nitalirudia.

#8 Mwanamwani_Paje
Na mie nnalo. Nimelima mwani miaka mingi, sasa natengeneza sabuni za mwani na mchaichai. Kamba tunazofungia mwani ni polipropilini. Zile za bei rahisi zikikaa juani msimu mmoja juu ya mchanga, unazishika zinabaki unga mweupe mkononi. Nyingine zinadumu, na muuzaji anazo kwa jina la "zenye dawa ya UV".

Sasa nauliza: dawa ya kuilinda kamba isivunjike na dawa ya kulinda kilichomo ndani ya mfuko ni kitu kimoja? Kama ni mbili tofauti, basi huenda Bi Viungo kauziwa mfuko unaojilinda wenyewe, wala haulindi manjano.

#9 FundiMabomba
Dada wa Paje kapiga palepale. Kuna vitu viwili. Mabomba meusi ya maji na matangi meusi yana masizi ndani yake, kama asilimia 2 hivi ya uzito wa plastiki kwa mabomba. Yale masizi yanameza mwanga wote hapo juu juu, plastiki inadumu miaka chungu nzima. Lakini ipo dawa nyingine ya plastiki zisizo nyeusi, nailoni za vitalu nyumba za mboga kwa mfano. Hiyo kazi yake kubwa si kuzuia mwanga, ni kukamata vile vipande vya molekuli vilivyokatika kabla havijakata vyengine. Mwanga unapita kama kawaida, maana mboga inauhitaji. Mfuko wa namna hiyo unaweza kukaa juani mwaka mzima haukatiki, na kilichomo ndani kikaungua.

Kwa hiyo Bi Viungo muulize muuzaji neno moja tu: unazuia UV isipite, au unastahimili UV?

#10 Mchangani_Kwetu
Ndiyo nilichosema. Kaibiwa.

#11 BiViungo
Nimempigia simu. Kasema "vyote viwili dada". Sikupata zaidi ya hapo.

#12 Mfamasia_Wete
Poleni nimechelewa kuuona uzi. Kwetu kwenye dawa jambo hili ni la kila siku. Nifedipini, dawa ya presha, haistahimili mwanga hata kidogo, ndiyo maana vidonge vyake vinakaa kwenye pakiti zisizopitisha mwanga na hatuvitoi mapema. Kipimo cha Wamarekani cha vifungashio vya dawa zisizotakiwa kuona mwanga kinaanzia nanomita 290 na kuishia 450. Angalieni hapo: hakikuishia 400 kinapoishia UV. Kimeingia ndani ya mwanga tunaouona, urujuani na mwanzo wa buluu. Chupa ya kahawia mnayoijua ndiyo kazi yake, inakula na buluu.

Sasa nije kwenye manjano. Rangi yake inaitwa kurkumini. Inafyonza mwanga zaidi kwenye nanomita kama 425, na hiyo si UV. Ndiyo sababu hasa ya kuwa njano: inakula urujuani na buluu, inaturudishia kinachobaki. Mfuko ukikata UV yote mpaka 400, mwanga unaoivunja kurkumini kwa nguvu zaidi bado unapita mlango wazi. Hiliki vivyo hivyo. Kijani chake ni klorofili, inakula kwenye 430 na tena kwenye nyekundu, karibu na 660.

Kwa hiyo, Bi Viungo, inawezekana hukuibiwa. Umeuziwa kitu cha kweli kwa kazi isiyokuwa yake.

#13 FundiTinti
Mfamasia kanifungua macho. Na nna la kuongeza upande huo huo. Duka linaelekea magharibi, jua linaloingia ni la alasiri kuelekea magharibi, limeinama. Jua likiinama linapita hewa nyingi zaidi, UV inapungua sana kuliko jua la saa sita. Kinachoingia dukani kwake saa kumi na moja ni mwanga wa kuonekana na joto kwa wingi. UV yenyewe ni kidogo.

#14 Mfamasia_Wete
Kweli, ila usisahau kuwa UV haiji kwenye jua tu. Inatawanywa na anga lote la buluu, kwa hiyo mchana kutwa rafu inayoona anga inapata UV hata kama jua halijaigusa. Na sisi tupo karibu sana na mstari wa ikweta, Unguja ni nyuzi 6 kusini. Jua linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba.

#15 Kipepeo_Ng'ambo
Nyumba za Mji Mkongwe walizijenga na vichochoro vyembamba jua lisifike chini. Wazee walikuwa na tinti yao. 😄

#16 MamaUbuyu
Na ubuyu je? Nnatengeneza ubuyu mwekundu, natia kwenye vifuko vidogo vya nailoni, wauzaji wanavitundika nje ya duka. Wiki mbili, vya mbele vinakuwa waridi, vya nyuma vyekundu. Watu wanasema ubuyu wangu wa zamani, na mie nimeukaanga juzi. Inaniuma sana.

#17 Mfamasia_Wete
Mama, tazama kopo la rangi unayoinunua, kuna namba. Nyekundu yenye namba E127 haistahimili mwanga kabisa. E129 inastahimili zaidi. Kubadilisha rangi kunaweza kukufaa kuliko kubadilisha nailoni. Na rangi ya kiazi chekundu (bitiruti) kama unaitumia, hiyo nayo inakimbia mapema.

#18 MpembaAsilia
Waunguja bwana, ubuyu wenyewe mnautia rangi, halafu rangi ikikimbia mnaulaumu mfuko. Njooni Pemba mle ubuyu unaofanana na ubuyu.

#19 MamaUbuyu
Mpemba wewe, shemeji zako ndio wateja wangu wakubwa, wanashuka na boti wanabeba mabegi. Waulize.

#20 MaalimKemia_Chake
Turudi kwa Bi Viungo kabla hatujazama kwenye ubuyu. Kuna jaribio rahisi la kujua kama mfuko unazuia UV au la. Tochi ya kukagulia noti ipo madukani kila mahali. Gizani, mulika noti: zile nyuzi na alama zinawaka. Sasa weka nailoni kati ya tochi na noti. Zikiendelea kuwaka kama mwanzo, nailoni haizuii. Zikizimika, inazuia.

#21 FundiTinti
Sawa maalim, ila tahadhari. Tochi nyingi za bei rahisi ni za nanomita 395, mwanga wake unauona kwa macho ni wa zambarau. Mfuko unaokata mpaka 380 tu utaipitisha tochi hiyo, mtu akadhani ni feki. Atafute ya 365. Na hapo ndipo pa kumbana muuzaji: hiyo asilimia 99 ni mpaka nanomita ngapi? Wapo wanaohesabu mpaka 380 wakaacha kile kipande cha 380 hadi 400. Kukata mpaka 400 kamili mara nyingi nailoni inaingia umanjano kidogo, na wafanyabiashara hawaupendi.

#22 MaalimKemia_Chake
Na unene pia. Vifyonzaji vinahesabika kwa wingi wao kwenye njia ya mwale. Nailoni ile ile, dawa ile ile, ukiipunguza unene nusu inapitisha UV zaidi. Na vinachoka pole pole. Nilisema mlango wa bawaba haukatiki, lakini ukisukumwa miaka, bawaba zinalegea.

#23 BiViungo
Nimeazima tochi mbili. Ya kwanza ya zambarau: noti inawaka nyuma ya mfuko wa zamani, na nyuma ya mfuko mpya inawaka pia lakini imefifia. Ya pili, aliyonipa jirani yangu wa duka la fedha, anasema ni 365: mfuko wa zamani noti inawaka, mfuko mpya giza tupu. Nimerudia mara tatu.

Na kitu kimoja kilichonistaajabisha. Nilipoyamulika manjano yenyewe, yanawaka! Kama kijani cha limau.

#24 Mfamasia_Wete
Ndiyo kurkumini hiyo. Inameza mwanga na kuutapika upande wa kijani-njano. Basi mfuko wako ni wa kweli, angalau mpaka karibu na 365. Muuzaji hakusema uongo kwenye hilo.

#25 Mchangani_Kwetu
Kama mfuko ni wa kweli na manjano yamepauka, basi faida yake nini? Mie kwangu kuibiwa ni kule kule. Kamuuzia kitu ambacho hakimfai na anajua atatia nini.

#26 MzeeKarafuu_Mkoani
Huyu wa Mchangani leo kasema neno. Lakini maalim, deni langu la karafuu lipo.

#27 MaalimKemia_Chake
Mzee wangu, nimelifikiria siku mbili. La kwanza, rangi ya karafuu kavu inatokana na kukauka kwenyewe: ikiwa mbichi ni ya kijani na wekundu, ikianikwa inaingia kahawia iliyokoza. Hakuna rangi changa ya kuibiwa tena na jua. La pili, karafuu ni nzima, na mwanga unaishia ngozi ya juu. Manjano ni unga, kila chembe ina uso wake.

La tatu, harufu. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli, na humo ndani ya kikonyo na kichwa yamehifadhiwa. Yatoe, uyaweke kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, dirishani, utaona yanavyoingia umanjano kisha kahawia kwa mwanga na hewa. Wanaokamua mafuta ya makonyo pale Wawi watakwambia kwa nini mafuta hayakai kwenye chupa nyeupe. Kwa hiyo jua haliistawishi karafuu, mzee wangu. Linaikausha, na karafuu inajikinga yenyewe.

#28 MzeeKarafuu_Mkoani
Hilo la mafuta nalikubali, nimeyaona kwa macho. Lakini umenithibitishia la hewa, umesema "mwanga na hewa". Basi atoe hewa. Mfuko wa zipu kila akimfungulia mteja anuse, hewa mpya inaingia.

#29 FundiMabomba
Mzee yupo sawa hapo. Na nailoni ya polithini hata ikifungwa kabisa, oksijeni inapenya taratibu. Foili haipenyi.

#30 Mama_wa_Watatu
Mimi nnauliza kwa wasiwasi wa mzazi. Hizo dawa zinazotiwa kwenye nailoni hazihamii kwenye chakula?

#31 Mfamasia_Wete
Zinaweza kuhama, hasa kwenye chakula chenye mafuta na kwenye joto, ndiyo maana kuna mifuko ya chakula na isiyokuwa ya chakula. Vifyonzaji havifanani. Mmoja wao, UV-328, ni wa jamii ile ile ya benzotriazoli, na Mei 2023 nchi za Mkataba wa Stockholm ziliuweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, kwa sababu hauvunjiki upesi na unajikusanya ndani ya viumbe. Hiyo haina maana mifuko yote ya UV ina sumu. Ina maana Bi Viungo asinunue mfuko wa chakula bila karatasi inayosema ni wa chakula.

#32 Kipepeo_Ng'ambo
Kwani mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku hapa tangu 2006? Nakumbuka wageni wakiivuliwa bandarini.

#33 FundiTinti
Ile ni ya kubebea bidhaa. Hata katazo la Bara la Juni 2019 liliacha vifungashio vya bidhaa za viwandani na vyakula. Usiufungue mjadala huo hapa, anzisha uzi wake, tutakuja.

#34 BiViungo
Nimerudi baada ya wiki tano. Kwa wote mlionisaidia, shukran. Nimefanya jaribio nililoweza. Nimesaga manjano ya mkupuo mmoja, nikatia paketi tano, uzito mmoja, zote rafu moja kwenye kioo:

Ya kwanza mfuko wa zamani. Ya pili mfuko mpya. Ya tatu mfuko mpya, nikaukaza na kuutoa hewa, sikuufungua hata siku moja. Ya nne foili. Ya tano mfuko wa zamani nikauzungushia kitambaa cheusi.

Matokeo kwa macho yangu na ya binti yangu: ya zamani imepauka sana. Mpya imepauka, lakini ni kama ya zamani ilivyokuwa wiki ya pili. Iliyotolewa hewa ni bora kuliko mpya yenye hewa, si kwa mbali. Foili, rangi kamili na harufu kamili. Ya kitambaa cheusi, rangi kamili, lakini harufu imepungua. Binti yangu kanusa macho yamefumbwa akaniambia "hii imechoka".

Na jambo jingine: paketi iliyopauka ukiitikisa, rangi inarudi nusu, maana iliyopauka ni ile inayogusa nailoni tu. Sasa najua maduka mengine yanafanyaje. Mie sitikisi ili niuze. Mgeni akifika kwao akapika pilau lisilo na rangi, jina linaloharibika ni la Zanzibar.

#35 MzeeKarafuu_Mkoani
Mnaona! Ya kitambaa cheusi haikuona mwanga hata chembe, na harufu imekwenda. Joto hilo. Nilisema ukurasa wa kwanza.

#36 MaalimKemia_Chake
Mzee, harufu ndiyo. Kitambaa cheusi chenyewe kinavuta joto, na kadiri ya joto kupanda nyuzi 10, mabadiliko mengi ya kemia yanakwenda karibu mara mbili. Na mafuta ya harufu yanapenya polithini. Lakini rangi ya paketi hiyo ilibaki kamili. Kwa hiyo rangi iliibiwa na mwanga, harufu imekwenda kwa joto na kupenya.

#37 Mfamasia_Wete
Na mpya kupita ya zamani inaonyesha UV nayo ilikuwa na fungu lake, si buluu peke yake. Nililitilia mkazo zaidi la buluu, nakubali.

#38 FundiMabomba
Au mfuko mpya ni mnene zaidi na oksijeni imepenya kidogo. Hamkupima unene. Jaribio zuri, lakini mfuko wa zamani na mpya zimetofautiana kwa zaidi ya jambo moja.

#39 Mchangani_Kwetu
Basi dada mfuko ule mpya utaufanyia nini?

#40 BiViungo
Nimeamua hivi kwa sasa. Mifuko mia tatu naitilia vitu vizima: karafuu, mdalasini, kungumanga. Manjano na hiliki naweka foili, na mbele nachapa lebo yenye picha. Kwenye kaunta pana bakuli la kioo lenye manjano ya siku hiyo, mgeni aone na anuse, jioni naondoa. Rafu ya pili nimeihamishia ukuta wa kaskazini.

#41 Mwanamwani_Paje
Sabuni zangu nitazijaribu kwa karatasi ya khaki. Nikipata jibu nitalileta hapa.

#42 BintiWete
Salaam. Nimeusoma uzi wote toka juu. Mie nauza vanila, maganda mazima, kwenye mirija ya kioo. Vanila nayo nitie foili, au kioo kinatosha? Na foili ndogo ndogo, za kuanzia vipande hamsini, zinapatikana Unguja au mpaka Dar?

#43 BiViungo
Vanila sijawahi kuijaribu dada, mngoje Mfamasia. Foili za hamsini hamsini zipo, nitakutumia namba ya mtu faragha.